Chozi Uani Kwetu: Baba wa Mbinguni Humlishaje?

NENO LA MWEZI

Masomo: Mathayo 6:25-34; Zaburi 56:8; Luka 12:6-7; Yeremia 29:4-7



Amani ya Kristo iwe pamoja nanyi nyote, familia mnaoishi hapa Kigali katika nyumba za kupanga, na ninyi mlioko makambini ambao kajarida haka huwafikia kwa mikono ya wasafiri. Neno la mwezi huu halihitaji vitabu vingi. Linahitaji Biblia, macho, na dakika kumi za asubuhi kabla jua halijawa kali.

Bwana wetu alipokuwa akifundisha mlimani, aliwaona watu wana hofu ya chakula na mavazi. Hakuwaambia kwamba chakula si kitu. Aliwaagiza wawaangalie ndege wa angani, kisha akawaonyesha maua ya kondeni. Ndege na maua, vyote viwili katika fundisho moja. Tumesoma mistari hii kwenye mikesha, kwenye misiba, na siku ambazo sufuria ilikuwa tupu. Lakini ni wangapi kati yetu tumelitii agizo lenyewe, tukakaa kitako, tukamwangalia ndege mmoja mpaka tukaelewa anavyoishi? Mwezi huu na tutii. Ndege tutakayemwangalia anaitwa chozi.

1. TUMFAHAMU CHOZI

Ndege huyu mnamjua, hata kama jina lake hamkulijua. Ni yule mdogo anayekuja asubuhi kwenye ua la mgomba, anashika shina kwa vidole vyake, anaingiza mdomo wake mwembamba uliopinda, anafyonza maji matamu yaliyo ndani, halafu anaondoka upesi kama mtu aliyeitwa. Wengi wao hawafiki hata gramu 15, yaani vijiko vitatu vidogo vya sukari. Dume hung'aa juani kwa rangi ya kijani, buluu au zambarau. Hapa Kigali yuko mwenye kifua chekundu sana, na yuko mwingine wa rangi ya shaba mwenye mkia mrefu. Jike hana fahari hiyo. Rangi yake ni kama ya majani yaliyoanza kukauka, na usipomwangalia vizuri utasema hakuna ndege mtini.

Lakini jike huyo ndiye ajengaye nyumba. Huchukua nyuzi za majani makavu, magamba ya miti na utando wa buibui, akashona kifuko kinachoning'inia kwenye tawi, chenye mlango ubavuni. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni takataka zilizonaswa mtini. Mara nyingi hukining'iniza karibu na nyumba za watu. Ninyi mliowahi kuishi chini ya shitingi mnaelewa. Kinachoonekana takataka kwa mpita njia, ndani yake mna mama na mayai yake. Na kinachokishikilia ni utando wa buibui, kitu ambacho Biblia inakitaja kama mfano wa udhaifu (Ayubu 8:14). Mungu amempa mama huyu hekima ya kutengeneza makao imara kwa vitu dhaifu. Akina mama wa kanisa hili, mnaijua kazi hiyo.

Ndugu zetu waliohamia Marekani wanasimulia juu ya ndege mwingine mdogo wanayemwona huko, ambaye husimama hewani mbele ya ua bila kukanyaga kitu, na mabawa yake huvuma kama nyuki. Huyo ni ndege mvumaji. Aina zake ni zaidi ya 300, na wote wanaishi katika bara la Amerika tu. Mmoja wao, mwenye koo jekundu, ana uzito wa gramu 3 hivi, hupiga mabawa kama mara 50 kwa sekunde moja, na kila mwaka wengi wa aina yake huvuka Ghuba ya Mexico, safari ya kilomita 800 hivi juu ya maji bila mahali pa kutua. Chozi wetu na mvumaji wao si wa ukoo mmoja. Wanafanana kwa sababu wamepewa chakula cha namna moja: utamu uliofichwa ndani ya ua. Basi wewe uliyeachwa na dada yako aliyesafiri, jua kwamba Baba yule yule anayemlisha ndege wa uani kwake ndiye anayemlisha ndege wa uani kwako.

2. JINA LAKE NI CHOZI

Wapendwa, lugha yetu ya Kiswahili imempa ndege huyu jina lile lile la tone linalotoka jichoni. Chozi ni ndege, na chozi ni maji ya huzuni. Hatusemi kwamba kuna siri katika jina hilo. Lakini mhubiri hawezi kulipita bila kusimama.

Fungua Zaburi 56. Daudi alikuwa amekimbia nchi yake akashikwa na Wafilisti huko Gathi. Alikuwa mkimbizi, tena mikononi mwa watu wasiompenda. Katika mstari wa 8 anamwambia Mungu mambo mawili. Kwanza, kwamba Mungu ameweka hesabu ya kutangatanga kwake. Pili, anaomba machozi yake yatiwe katika chupa ya Mungu. Angalia jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa katika mstari mmoja: safari na machozi. Mtu aliyelala kwake maisha yake yote anaweza kuusoma mstari huo haraka. Sisi hatuwezi. Sisi tunajua hesabu ya safari ni nini: kutoka kijijini hadi mpakani, kutoka mpakani hadi kituo cha muda, kutoka kituo hadi kambini, kutoka kambini hadi mjini. Kila ofisi imetupa namba mpya, na karatasi nyingine zimepotea. Daudi anasema kuna daftari moja lisilopotea.

Hapa lazima tuseme kweli, kwa maana watoto wetu watatuuliza. Je, Mungu akiwaangalia ndege, mbona wengine huanguka? Kunguru huiba mayai. Mvua kubwa ya Aprili hukata tawi lenye kiota. Na sisi hatujasahau Mudende mwaka 1997, wakati kambi iliposhambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba, na wapendwa wetu waliokwisha kuikimbia vita wakauawa mahali pa kimbilio. Hatujasahau Gatumba, ng'ambo ya Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004. Walikuwa wakimbizi, na wengi wao walikuwa waombaji.

Someni vizuri. Katika Mathayo 10:29 Yesu hakusema shomoro haanguki. Alisema haanguki pasipo Baba. Hakuahidi kwamba hakuna atakayekufa. Aliahidi kwamba hakuna atakayekufa bila kuonekana, bila kuhesabiwa, bila kuwa na mwenyewe. Na Luka anaongeza jambo moja. Katika Mathayo, shomoro wawili waliuzwa kwa sarafu moja. Katika Luka 12:6, watano waliuzwa kwa sarafu mbili. Pigeni hesabu kama mko sokoni Kimironko. Wawili kwa moja, wanne kwa mbili. Wa tano je? Wa tano ni nyongeza. Muuzaji amemtupia mnunuzi bure ili biashara imalizike. Huyo wa tano, asiye na bei, Bwana anasema hata yeye hakusahauliwa mbele za Mungu.

Wako kati yetu wanaojiona kuwa huyo wa tano. Jina limeandikwa chini kabisa ya orodha, au limeandikwa kwenye kadi ya mtu mwingine, au halikuandikwa. Ndugu yangu, dada yangu, soko limekuweka kuwa nyongeza, lakini mbele za Mungu hakuna nyongeza. Na wale waliolala Mudende na Gatumba hawakuanguka nje ya macho yake. Machozi tuliyowalilia yamo katika chupa yake mpaka siku atakapoyafuta mwenyewe.

3. BABA HUMLISHAJE?

Sasa tuangalie kwa makini zaidi. Yesu amesema Baba wa mbinguni huwalisha ndege. Je, umewahi kuona mkono ukitoka mawinguni ukimpa chozi chakula? Hapana. Chozi huamka alfajiri, huruka, hupita ua moja baada ya jingine, na maua mengine huyakuta matupu. Hula pia buibui na wadudu wadogo, hasa anapowalisha makinda, kwa maana makinda hawakui kwa maji matamu peke yake. Kazi hiyo hudumu siku nzima. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba andiko hili linafundisha uvivu. Ndege hapandi wala havuni, lakini ndege hutafuta.

Halafu jiulize: ua lile alilolikuta limetoka wapi? Mengine yameota yenyewe. Kuna umuko, mti ule wa maua mekundu ambao wenyeji wetu Wanyarwanda wanaujua tangu zamani. Kuna igicumucumu kando ya njia, chenye maua ya rangi ya machungwa yaliyopangwa kama mipira kwenye shina. Hayo Mungu ameyapanda. Lakini hapa mjini, maua mengi yanayomlisha chozi yamepandwa na mtu. Mama fulani alipanda mgomba nyuma ya jiko. Mzee fulani alipanda shubiri penye ukingo wa ua wake. Mpangaji fulani, ambaye leo hayupo tena, aliweka ua jekundu katika bidoni lililotoboka akaliacha mlangoni. Hakuna hata mmoja wao aliyemfikiria ndege. Lakini Baba aliposema chozi huyu ale leo, alitumia mkono wa yule mpangaji.

Hili ndilo neno letu kuu mwezi huu, lishikeni: Baba hulisha, na mara nyingi hulisha kwa ua ambalo mtu alilipanda. Tunapoomba mkate wetu wa kila siku, tunaomba pia Mungu ainue wapandaji. Na huenda anayetakiwa kupanda ni wewe.

Mnakumbuka Machi 2021, msaada wa chakula kwa wakimbizi walioko Rwanda ulipopunguzwa kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha. Siku zile, na siku nyingine kama hizo zilizofuata, tuliishije? Jirani aliyekuwa na bakuli la unga aligawa nusu bakuli. Kijana aliyepata kibarua cha ujenzi alilipa deni la mahindi la mama asiye wake. Eliya alipokimbia, kunguru walimletea mkate na nyama penye kijito; kijito kilipokauka, Mungu alimpeleka kwa mjane wa Sarepta aliyebakiwa na konzi moja ya unga (1 Wafalme 17). Ndege kwanza, mjane baadaye, na mlishaji alikuwa Mungu yule yule. Mwenye unga kidogo ndiye aliyekuwa ua la Eliya.

Jambo jingine: chozi hali bure. Anapoingiza mdomo, unga wa ua humshika kichwani, naye huupeleka kwenye ua lingine, nalo likazaa mbegu. Mimea mingine imeumbwa hivyo, na bila mgeni huyo mbegu zake zingepungua. Mgeni anakula, na mahali alipokula panazidi kuzaa. Enyi vijana, msikubali mtu awafundishe kujiona mizigo. Fundi viatu wa Nyabugogo, mwalimu wa Kifaransa na Kiswahili, mama anayeshona vitenge, wote wamekula katika mji huu na wameuletea mji huu kitu. Ndivyo Yeremia 29:7 inavyotaka tuutafutie amani mji tuliohamishiwa, kwa maana amani yake ndiyo amani yetu.

4. TUPANDE, NA SISI NI WAPITA NJIA?

Hapa ndipo penye ugumu. Katika nyumba nyingi za washirika wetu kuna maneno yanayosemwa kila mwaka mvua za Septemba zinapokaribia: kwa nini tupande, na sisi tunangojea safari? Baba anasema tutarudi Masisi, tutarudi Uvira, tutarudi Minembwe. Mama anasema jina letu liko kwenye orodha ya kwenda ng'ambo. Kwa hiyo ua unabaki vumbi tupu, mtoto hapelekwi shule mpya kwa sababu tutahama, kijana haoi kwa sababu tutahama, na miaka inapita. Kambi ya Kiziba ilifunguliwa Desemba 1996. Mtoto aliyezaliwa huko siku zile amekwisha kuwa mtu mzima, na huenda naye ana watoto.

Hatusemi hili kwa kuwahukumu. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilitoa amri ya kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangiwa tarehe zikafutwa. Wako waliokuwa wamekwisha kuuza vitanda na masufuria. Mwezi ule ule tukasikia Goma imetekwa, na Februari Bukavu. Njia ya mbele ikafungwa, na njia ya nyuma ikafungwa, ndani ya wiki chache. Waliolia siku zile walikuwa na haki ya kulia, na kanisa lililie pamoja nao badala ya kuwapa mistari ya haraka haraka.

Lakini baada ya kulia tusome barua ya Yeremia. Watu wa Mungu walikuwa Babeli, mateka. Akatokea nabii mmoja, Hanania, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili yote yatarudishwa (Yeremia 28:3). Watu walilipenda neno hilo. Ni nani asiyelipenda? Yeremia alikuwa na neno jingine, lisilo tamu: jengeni nyumba, pandeni bustani, mle matunda yake, oeni na mwozeshe, kwa maana ni miaka 70 (Yeremia 29:5-10). Na Hanania alikufa mwaka ule ule. Wapendwa, akina Hanania wapo hata leo. Huja kwenye mikesha na kutabiri viza, tena hutaja mwezi, kisha huomba sadaka ya mbegu. Kanisa liwapime kwa barua hii. Nabii anayekuzuia kupanda pale ulipo, kwa sababu ya kesho anayoiuza, mwogope.

Tazameni pia ndugu zetu wa Gihembe. Baada ya Mudende walipelekwa katika mlima ule wa Byumba mwaka 1997. Walikaa zaidi ya miaka ishirini. Wakajenga, wakafundisha watoto, wakaabudu, wakazika, wakapanda. Mwaka 2021 kambi ile ikafungwa kwa sababu mmomonyoko ulikuwa umekata makorongo ya kutisha, nao wakahamishiwa Mahama, wilaya ya Kirehe. Je, kupanda kwao kulikuwa bure? Watoto wao walikula mboga zile. Mwili uliokula mboga ya Gihembe ndio ulioamka Mahama na kuanza tena. Aliyepanda akaondoka hajapoteza. Ameacha mlishaji nyuma yake. Na yule mpangaji asiyejulikana aliyeliacha ua mlangoni kwako, je, ungemwambia alikosea kupanda kwa sababu alihama?

Kupanda si kusema hatutaondoka. Yeremia yule yule aliyesema pandeni ndiye aliyeahidi kwamba watarudishwa. Imani inaweza kushika vyote viwili: jembe mkononi, na masikio yakingojea sauti.

5. KULISHA BILA KUFUNGA

Tunamalizia kwa onyo kwa wale wenye nafasi ya kusaidia, maana hata kati yetu wapo waliojaliwa.

Rwanda inampenda sana korongo taji, umusambi. Lakini mapenzi yale yalimletea madhara. Watu waliwachukua kutoka mabondeni na kuwaweka katika bustani za nyumba na za hoteli, wawe pambo. Ili wasiruke, walikatwa manyoya, na wengine walivunjwa mabawa. Walipewa chakula kila siku, lakini wengi hawakuzaa tena. Kuanzia mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake walianza kazi ya kuwakomboa, wakishirikiana na serikali. Walio wazima walirudishwa porini katika Hifadhi ya Akagera. Wale wasioweza kuruka tena walipewa makao penye majani na maji hapa hapa Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village, nao wako huru kutembea humo maisha yao yote.

Fundisho ni jepesi. Kuna kulisha kunakovunja bawa. Kumsaidia mtu huku ukimtangaza, kumpa mjane unga ili awe mtumishi wako asiyelipwa, kumhifadhi binti wa jamaa ili asiende shule, huko ni kumweka korongo bustanini. Sheria ya Musa ilimkataza Mwisraeli kumchukua mama ndege pamoja na makinda. Alipaswa kumwacha mama aende zake (Kumbukumbu la Torati 22:6-7). Mungu alitunga sheria kwa ajili ya kiota kimoja njiani.

Huko Marekani watu hutundika chupa za maji ya sukari uani ili ndege wavumaji waje wanywe. Wajuao wanafuata kanuni nne. Sukari nyeupe kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, si zaidi. Asali isitiwe, kwa maana huchacha na kuota kuvu upesi. Rangi nyekundu isitiwe, haina faida kwa ndege. Na chupa ioshwe kila baada ya siku mbili au tatu wakati wa joto, kwa sababu maji yaliyochacha humdhuru ndege anayeyaamini. Mtoaji mwema afikirie hayo. Msaada uwe na kipimo, usitiwe rangi ya kujionyesha, na mkono unaoutoa uwe safi. Na ndege akimaliza, aende.

Hapa kwetu hatuwaambii mgawe sukari ya uji wa watoto. Chozi hahitaji sukari yenu. Anahitaji ua.

6. LA KUFANYA NYUMBANI

Kila familia ipande ua moja mvua zinapoanza. Asiye na udongo achukue bidoni lililotoboka au kopo la rangi, alitoboe chini ili maji yasituame, alijaze udongo uliochanganywa na samadi au maganda yaliyooza. Pandeni shubiri, au ua lolote jekundu au la rangi ya machungwa lenye umbo la tarumbeta, au chipukizi la igicumucumu kutoka kando ya njia. Wenye nafasi ya akarima k'igikoni waweke mboga katikati na maua pembeni, na wasiyaharakishe kuyakata maua ya mgomba. Msipige dawa ya wadudu kwenye ua lililochanua. Mwulizeni mwenye nyumba kabla ya kuchimba, kwa maana adabu nayo ni ushuhuda.

Watoto wapewe kazi ya kumwagilia, kwa zamu. Wafundishwe kutorusha mawe kwa manati kwenye viota, na kuangalia kiota kwa mbali bila kukigusa. Chozi atakapokuja, iteni nyumba nzima. Baba asome Mathayo 6:26 kwa sauti.

Na mkihama, liacheni ua mlangoni. Mwambieni mpangaji mpya jina la ndege.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA AU KIKUNDI

1. Ni nani aliyekuwa "ua" lako mwaka uliokuwa mgumu kuliko yote? Je, umewahi kumshukuru?
2. Ni jambo gani umeacha kulipanda kwa sababu unangojea kuhama: shule, ndoa, kazi, urafiki na majirani wenyeji?
3. Je, kuna mtu unayemsaidia kwa namna inayomfunga? Utamwachiaje aruke?
4. Katika eneo lako, ni nani anayejiona kuwa shomoro wa tano? Mtamtembelea lini?

SALA

Ee Baba yetu, unayemlisha chozi na kuhesabu machozi, tunakushukuru kwa kila mkono uliotupandia ua tusilolijua. Wakumbuke walioanguka Mudende na Gatumba, na wote walioanguka njiani bila kaburi. Wafariji waliofutiwa safari. Uilinde Kongo, uibariki Rwanda iliyotupokea, na mji huu wa Kigali uwe na amani, ili sisi nasi tupate amani. Utufanye wapandaji mahali tusipopamiliki. Na siku utakapotuita kuondoka, tuache nyuma yetu kitu kinachochanua. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki. Mkimaliza kusoma, mpeni jirani.